Madoa ya Uso Nayo Yatibiwe Zahanati

Fedha za korosho zikianza kuingia mikononi mwa watu, barabara ya kupanda uwanda wa juu wa Rondo hujaa wafanyabiashara. Wapo wa vitenge, wapo wa simu na redio, wapo wa mabati. Wapo pia vijana wa pikipiki wenye kasha la plastiki nyuma ya kiti, na ndani ya kasha kuna vipodozi: mirija midogo ya krimu yenye maandishi ya Kifaransa, sabuni za kung'arisha uso, na vikopo visivyo na jina wala tarehe, vilivyojazwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo kubwa. Vikopo hivyo ndivyo vinavyokwisha kwanza. Wanaovinunua ninawajua. Ni akina mama niliowapima mimba zao, na siku hizi ni mabinti zao.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimezaliwa huku juu, nimefanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Lindi, na sasa ninalima korosho, mihogo na mbaazi si mbali na Mnara. Naandika kwa sababu kila habari ya mkorogo, yaani krimu hizi za kujichubua, inapozungumzwa, iwe redioni, msikitini, kanisani au kwenye mkutano wa kijiji, wanawake hawa husemwa kwamba wameikataa rangi yao na wanatamani Uzungu. Mimi niliyekaa nao kliniki nasema wengi wao hawakuanza kwa kutafuta weupe. Walianza kwa kutafuta dawa ya madoa meusi usoni. Walikwenda zahanati kwanza, wakaambiwa huo si ugonjwa. Ndipo wakaenda kwa mwenye pikipiki, naye akawasikiliza.

Madoa hayo hukaa juu ya mifupa ya mashavu, kwenye paji la uso, juu ya mdomo, wakati mwingine puani na kidevuni. Mara nyingi yanalingana kulia na kushoto. Hayawashi, hayaumi, hayatoi maji. Madaktari huyaita melasma, huku kwetu mwanamke husema tu, "Uso wangu umeungua." Huwapata zaidi wajawazito, wanaotumia vidonge vya majira au sindano ya uzazi wa mpango, na wale ambao mama au dada zao waliwahi kuwa nayo. Huwashika watu wa rangi ya maji ya kunde na kahawia kuliko watu weupe. Homoni huziamsha seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, na mwanga wa jua huzichochea siku baada ya siku zisipumzike. Wanaume nao huyapata, ingawa kwa uchache.

Nami yalinishika katika mimba ya mtoto wangu wa tatu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliniambia ni mtoto wa kiume ndiye anayenichafua uso. Akazaliwa msichana. Madoa yalififia miezi kadhaa baada ya kujifungua, lakini hayakwisha kabisa, na nikilima msimu mzima bila kofia hurudi mahali pale pale. Sikutaabika sana na maneno ya watu, kwa sababu nilikuwa na sare nyeupe na mshahara. Mwanamke asiye na hivyo husikia mengi: kwamba ana damu chafu, kwamba amelogwa, kwamba amezeeka kabla ya wakati wake. Niliwahi kumpokea kliniki mama aliyejifunika kanga hadi chini ya macho katika joto la Februari. Nilidhani amepigwa, nikafunga mlango ili aweze kusema. Alipofunua uso niliona madoa tu, mashavu yote mawili, na machozi. Mumewe alikuwa hajasema neno. Majirani ndio waliosema.

Basi mtu kama huyo anapofika kwa mtumishi wa afya na kuambiwa "huo si ugonjwa, nenda nyumbani", ameambiwa kitu chenye madhara. Naijua foleni ya zahanati. Naujua mzigo wa watoto wenye homa, wajawazito, majeraha ya panga, na muuguzi mmoja anayeshika yote. Lakini dakika tano za kutazama uso, kuuliza mwanamke anatumia nini na kumwambia la kufanya, zingemwepusha na miaka ya mateso. Niliwahi kuwasikia watumishi wenzangu, katika kituo ambacho sitakitaja, wakimcheka mama aliyeuliza habari ya uso wake wakati wa kumchoma mtoto chanjo. Hakuuliza tena. Miaka miwili baadaye alikuwa na sugu ya mkorogo usoni.

Mwaka 2011 mtafiti Kelly Lewis na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wanawake 42 wa Dar es Salaam wanaojichubua. Kutaka weupe kulikuwamo katika sababu walizotaja, sitalificha hilo. Lakini zilikuwamo pia kuondoa chunusi, vipele na maradhi ya ngozi. Na ipo sababu moja iliyonishika moyo: wengine walikuwa wanapaka ili kuondoa madhara ya krimu walizopaka mwanzo. Nilipoisoma niliwaona wanawake wa Rondo waziwazi.

Ndani ya vikopo vile vya wenye pikipiki huwa kuna vitu vitatu, kimoja kimoja au vyote pamoja: haidrokwinoni, dawa za jamii ya steroidi kama klobetasoli na betamethazoni, na zebaki.

Haidrokwinoni ni dawa halisi. Mwaka 1975 daktari Albert Kligman wa Philadelphia, Marekani, na mwenzake Willis walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi, ambao hadi leo madaktari wa ngozi wanautegemea, kwa kuubadilisha kidogo, kutibu melasma. (Kligman huyo ndiye aliyefanya majaribio ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, wengi wao watu weusi, na jina lake halijasafika kwa hilo.) Mwaka huo huo wa 1975, Findlay na wenzake wa Pretoria, Afrika Kusini, walieleza maradhi waliyoyaona kwa wanawake weusi waliopaka krimu za haidrokwinoni za dukani kwa muda mrefu: ngozi ya mashavu iliyogeuka nyeusi ya kibuluu, yenye chembechembe ngumu kama imemwagiwa mchanga. Wakaiita okronosisi. Dawa ni ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja aliipata kwa daktari, kwa kipimo na kwa miezi michache, na mwingine aliipata dukani, akaipaka miaka huku akilima juani. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990.

Okronosisi ndiyo sugu ya usoni tunayoiona magulioni kwetu. Rangi yake huwa imeshuka ndani kabisa ya ngozi, mahali ambapo krimu haifiki. Kuiondoa ni kazi ngumu hata katika hospitali kubwa zenye mashine za miale ya leza, na mara nyingi haiondoki yote. Mama mmoja muuza maandazi, ninayekutana naye nikienda kununua mafuta ya taa, alinieleza hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Uso unaendeleaje?"

"Bibi, kikopo cha kwanza kilinisafisha kweli. Wiki mbili tu, uso ukawa kama wa mtoto. Nilipofika cha tatu ndipo nikaanza kuwa hivi. Yule kijana akasema nimepaka kidogo, niongeze."

"Ukaongeza?"

"Nikaongeza, bibi. Ningefanyaje? Nikiacha, uso unawaka moto."

Huko kuwaka moto ni kazi ya steroidi. Mwanzoni hupoza ngozi na kuilainisha, ndiyo maana wiki mbili za kwanza mtu husifiwa na kila anayemwona. Kisha ngozi hukonda, mishipa midogo huonekana, chunusi hufumuka, nywele huota mashavuni, na mtu akiacha ghafla uso huvimba na kuwasha. Ikipakwa mwili mzima kwa miaka, dawa huingia kwenye damu, hupandisha sukari na presha, na jeraha huchelewa kupona. Kila mkunga aliyewahi kupokea mgonjwa wa upasuaji wa uzazi ambaye amejichubua anajua hofu ya kuziondoa zile nyuzi. Kwa hiyo namsihi aliyekwisha zoea: usitupe kikopo leo ukakaa ndani na maumivu. Nenda kwa tabibu akupunguzie taratibu.

Zebaki huzuia utengenezaji wa rangi, na figo ndizo zinazolipa. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wao waliovimba mwili kwa kuharibika figo, wakakuta kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Baadhi walipoacha, figo zikarejea katika hali yake. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 iliyopita, hapo Kenya, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Chini ya Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, vipodozi vilivyotiwa zebaki vilipangiwa kukoma mwaka 2025. Kikopo kisicho na maandishi hakijui mkataba.

Sheria tunayo. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilipitishwa mwaka 2003, na vipodozi vya sumu vikapigwa marufuku. Mamlaka ya wakati ule, TFDA, ilivikamata na kuviteketeza mara nyingi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Sina neno baya kwa maofisa wanaofanya misako. Waendelee, na wapande huku juu pia, maana Rondo hufikiwa na msako baada ya Dar es Salaam na Lindi mjini kumalizwa. Ninachosema ni kwamba marufuku peke yake ni nusu ya kazi. Ukimnyang'anya mwanamke kikopo na hujamwonyesha mahali pa kutibiwa, madoa yake bado yapo asubuhi anapojitazama kwenye kioo. Mwenye pikipiki wa pili atamkuta pale pale, na bei itakuwa imepanda.

Tiba yenyewe ipo, na sehemu yake kubwa haihitaji fedha nyingi. Sehemu hiyo ni kivuli. Mwaka 2010 watafiti wa Hospitali ya Henry Ford, Detroit, walionyesha kwamba mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, siyo tu ile miale ya jua isiyoonekana, huifanya ngozi yenye rangi iwe nyeusi zaidi na weusi huo hudumu, wakati kwa watu weupe haikuwa hivyo. Jambo hili lina maana kubwa kwetu. Losheni nyingi za kukinga jua, zile zisizoonekana zikipakwa, huzuia miale ile na kuupitisha mwanga. Kwa melasma ya mtu mweusi inafaa losheni yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, na hiyo huku hatuioni madukani. Lakini kitambaa kizito huzuia vyote viwili. Kofia ya pama, kofia pana ya ukili, kanga iliyokunjwa mara mbili na kuvutwa mbele ya paji la uso: hivi ndivyo vifaa vya kwanza vya tiba, na kila nyumba inavyo. Ukungu wetu wa asubuhi usimdanganye mtu. Rondo imepanda karibu meta 900 kutoka usawa wa bahari, kuna ubaridi, mtu analima hadi saa tano akidhani jua halijatoka, na mwanga umekwisha mfikia.

Wakulima wenzangu nawaeleza hivi: mkorosho hausubiriwi hadi maua yaungue kwa ubwiriunga ndipo upulizwe salfa. Unapuliza mapema, na unarudia, na usiporudia ile ya kwanza imepotea. Kofia nayo huvaliwa kila siku, ya mawingu na ya jua, kwa miezi. Anayeivaa wiki moja na kuiacha asilaumu tiba.

Hatua ya pili ni kuacha kuusugua uso. Nimeona wanawake wakisugua madoa kwa limao, dawa ya meno, sukari, hata jiwe la kusugulia nyayo. Limao na ndimu ni hatari kuliko watu wanavyodhani: maji yake yakikaa kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi huungua na kuacha alama nyeusi mpya. Kila msuguo unaoichokoza ngozi yetu huacha weusi. Liwa na manjano sina ugomvi navyo. Bibi zetu wa pwani, Kilwa hadi Mikindani, walijipaka na nyuso zao hazikuharibika. Sijaona liwa ikifuta melasma, lakini haichubui mtu.

Kuna jambo la uzazi wa mpango, na hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu najua maneno haya yanaweza kugeuzwa. Madoa yakija baada ya kuanza vidonge au sindano, usiache njia yako kimya kimya ukapata mimba usiyoipanga, maana mimba yenyewe huyaongeza. Nenda kwa muuguzi mwambie, "Tangu nianze sindano uso wangu umebadilika." Kipo kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni kabisa, na hukaa miaka mingi. Kubadilisha njia ni haki yako na ni kazi yetu. Nasikitika kwamba katika mafunzo tuliyopewa, tulifundishwa kuuliza kuhusu hedhi, uzito na kizunguzungu; kuhusu uso hatukufundishwa kuuliza, kana kwamba si sehemu ya mwili wa mwanamke.

Dawa za kupaka huja baada ya hayo, na mkononi mwa mtaalamu. Asidi ya azelaiki huvumiliwa na wengi na inaweza kutumiwa hata na mjamzito. Tretinoini ina nguvu lakini mjamzito asiiguse. Haidrokwinoni yenyewe daktari anaweza kuiandika kwa miezi michache, akikuangalia, kisha akaisitisha. Viko vidonge vya asidi ya traneksamiki, vinavyojulikana zaidi kwa kuzuia damu kutoka; kufaa kwake kwa melasma kulionwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1979. Hivyo si vya kila mtu, kwa sababu vinaweza kumdhuru mwenye hatari ya damu kuganda. Hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayofanya kazi kwa wiki mbili. Mtaalamu mkweli atakuambia miezi mitatu, minne, sita, na atakuambia pia kwamba madoa yanaweza kurudi. Anayekuahidi wiki mbili anakuuzia steroidi.

Si kila weusi wa usoni ni melasma, na hapa kwetu kuna visababishi ambavyo vitabu vya Ulaya havivitaji. Ganda la korosho lina mafuta makali. Wanawake wanaobangua nyumbani hukaanga kwenye bati lililotobolewa, mafuta yanaruka, moshi unapanda usoni, na ngozi iliyoungua ikipona huacha baka jeusi la miezi na miezi. Mikono hupakwa majivu kuikinga. Uso haupakwi kitu. Vumbi la salfa, mashine ikiwaka na upepo ukigeuka, huchoma macho na ngozi ya wapulizaji, na wengi wa vijana hao hufanya kazi kifua wazi. Alama za namna hii hufifia zenyewe chanzo kikiondolewa. Zikipakwa mkorogo huwa maradhi mapya. Vyama vyetu vya msingi vya ushirika vinavyogawa salfa vingegawa pia barakoa na miwani, na vikundi vya akina mama wabanguaji vipewe glavu na kikinga uso kabla ya kupewa mafunzo ya ujasiriamali.

Tena kuna ukoma. Najua wengine watashtuka kuuona katika makala ya madoa ya uso, lakini anayeandika kutoka Lindi na akaunyamazia ukoma hajasema kweli. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa ambayo ugonjwa huu haujaisha. Wabenediktini wa Ndanda waliwahudumia wagonjwa wake tangu enzi za ukoloni, na sisi wauguzi wa kusini tulifundishwa kuutambua kabla ya kujua mengi mengine. Baka la ukoma kwa kawaida si jeusi. Huwa limefifia au lina wekundu, na mara nyingi halina hisia ukiligusa kwa pamba. Usoni, hata hivyo, hisia inaweza kubaki kwa sababu mishipa ya fahamu ni mingi, hivyo mtumishi asiishie kwenye shavu. Atazame mgongo, matako, mikono, apapase mishipa ya kiwiko. Mwanamke aliyepaka krimu ya steroidi juu ya baka la ukoma anaweza kuzifunika dalili zake kwa miezi, na miezi hiyo ndiyo inayoondoka na vidole.

Na weusi huja kwa njia nyingine, kupitia tiba yenyewe. Dawa za ukoma ni tatu, rifampisini, dapsoni na klofazimini, na hutolewa bure. Klofazimini hugeuza rangi ya ngozi: kwanza wekundu, kisha kahawia, kisha weusi, hasa kwenye mabaka na usoni. Weusi huo huondoka polepole baada ya tiba kwisha, pengine mwaka, pengine zaidi. Mgonjwa asipoambiwa haya siku ya kwanza, anaona kwamba dawa imekuja kumtangaza kijiji kizima. Namkumbuka binti wa shule aliyekuwa akimeza vidonge vizuri hadi uso ulipoanza kuwa mweusi. Akaacha. Nilimfuata kwao kwa miguu, nikakaa na bibi yake jikoni tukimenya mihogo, na sikuanza na ukoma. Nilianza na uso wake. Nilimwambia rangi ni ya dawa, itaondoka, na akivaa kofia itaondoka mapema zaidi. Bibi yake, ambaye mwenyewe alikuwa na chale za zamani mashavuni za wanawake wa Kimwera, alimwambia, "Mjukuu wangu, mimi huu uso nilichanjwa niwe mrembo, wewe wako unapakwa rangi upone. Meza." Akamaliza tiba. Leo ana watoto, na usingemjua.

Ndiyo maana nasema mtumishi anayemwambia mwanamke "si ugonjwa" bila kumgusa hajui anachokisema. Huenda ni melasma, huenda ni moto wa korosho, huenda ni okronosisi, huenda ni ukoma au dawa yake, huenda ni fangasi. Weusi wa shingo unaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari. Uso ni mahali pa kuanzia uchunguzi.

Nchi hii haianzi sifuri. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho huwachukua matabibu wa kawaida kutoka Afrika ya mashariki na kusini na kuwafundisha ngozi kwa miaka miwili ili warudi wilayani kwao. Hapo hapo Moshi hutengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino, ambao kwao jua si habari ya madoa, ni habari ya saratani na uhai. Wao wabaki wa kwanza kwenye orodha, hilo halina mjadala. Lakini kama tumeweza kutengeneza losheni yenye kufaa hapa nchini kwa ajili yao, tunaweza pia kutengeneza ya bei nafuu yenye rangi za ngozi zetu kwa ajili ya wakulima. Kiwanda hakihitaji kubuni upya kitu.

Madiwani wa halmashauri yetu ya Mtama hupitisha bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Naomba watenge fedha za kumpeleka tabibu mmoja Moshi, kijana aliyezaliwa kusini, anayejua njia ya kupanda Rondo na hatahama akirudi. Naomba siku moja ya kila mwezi, katika kila kituo cha afya, iwe siku ya ngozi, ukoma na melasma kwa pamoja, ili mwenye ukoma asijulikane kwa kukaa kwenye benchi fulani. Azelaiki na tretinoini ziwepo kwenye duka la dawa la hospitali. Na msimu wa malipo ya korosho, mtumishi mmoja wa afya akae pale kwenye ghala la chama, siku ile ile wanayokuja vijana wa pikipiki, awe na kioo, pamba na muda wa kusikiliza.

Nawe mama mwenye madoa, ukienda zahanati kesho, nenda na kikopo chako. Usikitupe njiani kwa aibu. Mwambie tabibu umepaka mara ngapi kwa siku, tangu mwezi gani, na kama unatumia sindano au vidonge. Bila hayo hawezi kujua aanzie wapi. Akikuambia si ugonjwa, usiondoke. Kaa pale pale kwenye kiti, mwombe akutazame tena kwenye mwanga wa dirisha, kisha akuandikie rufaa.